Meli za Nyangumi Zilizopelekwa Vitani: Somo kwa Wenye Vyombo vya Ziwa Letu

Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano wa kamati za amani za pwani ya Ziwa Tanganika, mbele ya familia zilizohama, viongozi wa kambi na wawakilishi wa wavuvi. Tunayachapa kwa ombi la wale waliokuwepo, ili wayasome pamoja na wale ambao hawakuweza kufika.



Leo tumeombwa kuzungumza juu ya vyombo vya majini: mtumbwi, mashua na baleniere. Ombi hili limetoka kwenu. Katika vikao vilivyopita swali moja lilirudi mara nyingi, likiulizwa na wavuvi na pia na mama wanaouza ndagala: "Mtu mwenye silaha akija usiku na kusema anahitaji chombo chetu, tufanye nini? Na akisha kukitumia, watu watasema chombo kile ni cha nani?"

Swali hili ni zito. Wengi wenu mlifika hapa kwa chombo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu na hofu ikashuka mpaka Uvira, familia nyingi zilipita ziwani kuja upande wa kusini, mpaka Kalemie. Pasipo vyombo vile, wengine hawangekuwa hapa leo. Kwa hiyo tunaposema chombo, tunasema maisha: chakula, safari ya mgonjwa, soko, na njia ya kukimbia siku ya hatari.

Tutaanza mbali kidogo, kwa historia ya meli zilizojengwa kuwinda nyangumi na zikapelekwa vitani. Tunawaomba mvumilie, kwa sababu historia hiyo itaturudisha hapa hapa, kwenye maji haya tunayoyaona.

JINA TUNALOLITAJA KILA SIKU

Sisi wote tunalijua neno baleniere. Ni chombo cha mbao, kirefu, chenye moteri, kinachobeba watu, mihogo, mbuzi na magunia ya samaki. Lakini ni wachache wanaojua jina lake limetoka wapi. Kwa Kifaransa, nyangumi huitwa baleine. Nyangumi ni mnyama mkubwa wa bahari, mkubwa kuliko tembo mara nyingi. Anaishi majini lakini anapumua hewa kama sisi na kunyonyesha mtoto wake. Baleinière kwa asili yake ni mashua nyembamba ya wawindaji wa mnyama huyo. Jina likasafiri na Wazungu mpaka mito na maziwa ya Congo, likabaki kwetu, ingawa ziwani humu hakuna nyangumi hata mmoja.

Wawindaji wa zamani walimfuata nyangumi kwa makasia. Katika karne ya 19, Mnorwe mmoja, Svend Foyn, alileta mzinga unaofungwa mbele ya meli na kurusha mkuki wenye kilipukaji. Tangu hapo ukaanza uwindaji wa meli ndogo za moteri ya mvuke. Nyangumi alitafutwa kwa ajili ya mafuta yake. Yalitengeneza sabuni, yalilainisha mashine, baadaye yakaingia katika majarini ya kupaka mkate. Watu waliofanya kazi ile walikuwa raia. Walikwenda baharini kutafuta mshahara, kama vile mvuvi wetu anavyokwenda usiku na taa zake.

CHOMBO KIZURI KWA KAZI, KIZURI PIA KWA VITA

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, serikali zilianza kutazama vyombo vya raia kwa jicho jingine. Ziliona kwamba meli ya nyangumi ina karibu kila kitu kinachotakiwa na mwanajeshi wa majini. Ni ndogo lakini ina nguvu ya kuvumilia mawimbi makali. Inageuka haraka, kwa sababu ilijengwa kumfuata mnyama anayegeuka. Juu ya mlingoti ina pipa la kukaa mtu wa kutazama mbali. Jicho lililozoea kutafuta pumzi ya nyangumi linaweza kutafuta pia manowari iliyojificha chini ya maji. Na mbele kabisa kuna mahali palipokwisha kuimarishwa kwa mzinga. Ulitolewa mzinga wa mkuki, ukawekwa mzinga wa risasi. Kazi hiyo haikuchukua muda mrefu.

Hata mafuta ya nyangumi yaliandikishwa jeshini. Kutoka katika mafuta yale hupatikana gliserini, na gliserini ilitumika kutengeneza vilipuzi. Kitu kile kile kilichokuwa sabuni ya nyumbani kikawa baruti.

Mwaka 1915 jeshi la majini la Uingereza liliagiza meli 15 za doria zilizojengwa kwa mfano wa meli ya nyangumi. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walirudia jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Walichukua ramani ya meli ya nyangumi iliyoitwa Southern Pride, iliyojengwa mwaka 1936, na kutoka katika mfano huo wakatengeneza aina ya meli za kusindikiza misafara ya mizigo. Zilijengwa zaidi ya 200.

Tunayasema haya ili tuelewe jambo la kwanza. Chombo hakichukuliwi kwa vita kwa sababu ni kibaya. Kinachukuliwa kwa sababu ni kizuri. Baleniere yenye moteri mpya, inayobeba mzigo mwingi na yenye nahodha anayejua miamba na upepo wa ziwa, ndiyo inayotafutwa kwanza. Kwa hiyo mwenye chombo kizuri asifikiri kwamba sifa yake itamlinda.

WENYE MELI WALIULIZWA?

Kuna mkasa mmoja wa mwaka 1941 unaofaa kutafakariwa. Norwe ilikuwa imevamiwa na Ujerumani mwaka 1940. Lakini meli nyingi za Norwe za kuwinda nyangumi zilikuwa mbali, katika bahari ya barafu ya kusini mwa dunia, zikiendelea na kazi. Januari 1941, meli ya kivita ya Kijerumani iliyoitwa Pinguin, ambayo yenyewe ilikuwa meli ya mizigo iliyogeuzwa, iliwafikia usiku. Bila mapigano ilikamata meli kubwa tatu, Ole Wegger, Solglimt na Pelagos, pamoja na meli ndogo 11 za uwindaji. Moja kati ya hizo ndogo, iliyoitwa Pol IX, ilipewa jina jipya, Adjutant. Miezi michache baadaye ilitumwa kutega mabomu majini karibu na bandari mbili za Nyuzilandi, Lyttelton na Wellington. Wanorwe waliokuwa wakiitumia hawakuwa na ugomvi wowote na wavuvi wala mabaharia wa Nyuzilandi. Lakini chombo chao kilikwenda kuwategea kifo.

Upande wa pili pia kulikuwa na majonzi. Afrika Kusini iligeuza meli zake za nyangumi na kuzituma Bahari ya Mediterania. Nne kati ya hizo zilikwenda pamoja: Southern Floe, Southern Isles, Southern Maid na Southern Sea. Februari 1941 Southern Floe iligonga bomu la majini karibu na Tobruk, nchini Libya. Ilizama na watu wake wote isipokuwa mmoja.

Hapo tunaona jambo la pili. Chombo kilichogeuzwa huchukuliwa na jina jipya, lakini mwili wake ni ule ule. Meli ndogo ya mwindaji haikujengwa kuvumilia bomu. Na mtu aliyeizoea kwa kazi ya amani ndiye anayewekwa ndani yake wakati wa hatari.

KUTOKA RUFIJI MPAKA KIGOMA

Sasa turudi karibu na kwetu. Septemba 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilizamisha meli ya Waingereza Pegasus kwenye bandari ya Zanzibar. Kisha ikaenda kujificha ndani ya matawi ya mto Rufiji, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi yenye mikoko, na maji yake si ya kina. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia.

Waingereza walihitaji vyombo vidogo vya kulinda milango ile. Wakaleta meli za nyangumi zilizofungwa mizinga. Majina yake yamebaki katika historia: Echo, Fly, Childers na Pickle. Zilipiga doria kwenye milango ya mto, zikasaidia kupima kina cha maji na kusafisha njia. Mwezi wa Julai 1915 meli mbili zenye mizinga mikubwa na tumbo fupi, Severn na Mersey, zikaingia mtoni. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaharibiwa.

Mtu anaweza kudhani habari imeishia pale, mbali na Congo. Haikuishia. Wajerumani waliitoa mizinga ya Königsberg, jumla yake 10, wakaisambaza katika nchi yote waliyoitawala. Mmoja ulipandishwa gari-moshi na kuletwa mpaka Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu. Ukafungwa juu ya meli ya abiria na mizigo iliyoitwa Graf von Götzen.

Kuna chombo kingine pia. Adjutant ya kwanza, kabla ya ile ya Wanorwe, ilikuwa meli ndogo ya kuvuta meli nyingine bandarini. Waingereza waliikamata Oktoba 1914 na kuitumia kwa vita. Februari 1915 Wajerumani waliikamata tena hapo Rufiji. Baadaye ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika gari-moshi, ikaletwa Kigoma. Chombo kimoja cha bandari kilitumikia majeshi mawili yenye uadui katika muda wa miezi michache. Chombo hakina bendera moyoni. Anayekishika ndiye anayekitumia.

ZIWA LETU, 1914 MPAKA 1916

Wazee wetu waliwahi kuvisikia vita hivi kutoka kwa baba zao. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani walifika Mokolobu, kusini ya Uvira. Walivunja mitumbwi ya wenyeji na kukata waya wa simu. Fikirini jambo hilo. Miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyopigwa upande wa Congo katika vita vile ni mitumbwi ya wavuvi. Wajerumani hawakuuliza mtumbwi upi ni wa nani. Waliona kwamba mtumbwi unaweza kumbeba askari, basi wakaivunja.

Siku saba baadaye, tarehe 22 Agosti, meli iliyoitwa Hedwig von Wissmann ilishambulia bandari ya Lukuga, pale ambapo leo ni Kalemie. Hedwig ilikuwa meli ya kubeba watu na mizigo ziwani tangu mwaka 1900. Ilifungwa mizinga midogo iliyotoka katika meli ya kupima bahari, Möwe, ambayo Wajerumani walikuwa wameizamisha wenyewe huko Dar es Salaam. Shabaha yake Lukuga ilikuwa Alexandre Del Commune, meli ya Wabelgiji. Hiyo pia ilikuwa meli ya usafiri. Basi meli ya abiria ilipiga meli ya abiria.

Baada ya hapo Wajerumani walikuwa na nguvu ziwani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waingereza wakaleta mashua mbili za moteri, Mimi na Toutou. Ziliondoka Uingereza mwezi wa Juni 1915, zikafika Cape Town kwa meli, zikapanda gari-moshi mpaka Fungurume katika Katanga. Kutoka pale zikavutwa kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Kisha gari-moshi tena, kisha mto Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, kisha gari-moshi mpaka Lukuga. Ziliingia majini mwezi wa Desemba 1915. Tarehe 26 Desemba zilikamata Kingani, mashua ya Kijerumani. Ikabadilishwa jina, ikaitwa Fifi, ikaanza kupigana dhidi ya wale waliokuwa nayo juzi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa.

Mwezi wa Juni 1916 ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini zilipiga mabomu Kigoma. Mwezi uliofuata, Wajerumani walipoona wanaondoka Kigoma, waliizamisha Graf von Götzen kwa mikono yao wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, ili adui asiipate.

WALIOBEBA MZIGO

Vitabu vingi husimulia habari hizi kama mchezo wa werevu wa maofisa. Sisi tunaomba tuzitazame kwa jicho la waliobeba. Mashua Mimi na Toutou hazikuvuka Mitumba zenyewe. Watu wa Katanga walikata miti, wakajenga madaraja, wakatengeneza njia, wakabeba maji na kuni za mashine. Majina ya mashua yale mawili yanajulikana duniani kote. Majina ya wale watu hatuyajui.

Na hiyo ilikuwa kazi ndogo ikilinganishwa na vita vyote. Katika vita vya Afrika ya Mashariki Wabelgiji walichukua wapagazi wa Congo wanaokadiriwa kufika 260,000. Jeshi la Force Publique lilifika Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma ya kila askari kulikuwa na watu waliobeba unga, risasi na wagonjwa. Wengi hawakurudi. Waliuawa zaidi na njaa, baridi ya milimani na ugonjwa wa kuhara kuliko risasi. Upande wa Waingereza pia kulikuwa na jeshi la wapagazi. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam limepata jina lake kutoka kwa Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi kilichokuwa na kambi pale.

Hapa tunapata jambo la tatu. Vita havigeuzi vyombo tu. Vinageuza pia watu. Mvuvi anakuwa mwongoza njia, kijana mwenye mabega anakuwa mbebaji, mama mwenye chungu anakuwa mpishi wa kikosi. Mara nyingi hakuna aliyewauliza, na baadaye hakuna anayewalipa. Wakati wa lawama ndio wanaokumbukwa kwanza: "Wewe ulikuwa nao."

SHERIA INASEMA NINI

Mwaka 1907, huko La Haye nchini Uholanzi, mataifa yalikubaliana juu ya meli za raia zinazogeuzwa kuwa za kivita. Walisema meli ya namna hiyo lazima iwe chini ya amri ya serikali yenye bendera yake. Lazima iwe na alama za nje za meli ya kivita. Mkuu wake lazima awe katika kazi ya serikali, watu wake wafuate nidhamu ya jeshi na sheria za vita, na jina lake litangazwe katika orodha ya meli za kivita. Shabaha ilikuwa moja: kila mtu aweze kutambua nani ni mpiganaji na nani si mpiganaji.

Katika mwaka ule ule mataifa yalikubaliana kwamba mashua za kuvua samaki karibu na pwani, pamoja na vyombo vidogo vya biashara ya mahali, zisikamatwe. Lakini waliongeza sharti: ulinzi huo unakoma pale chombo kinaposhiriki katika vita kwa namna yoyote ile.

Mapatano yale yalihusu vita kati ya serikali na serikali. Vita vyetu vimekuwa mara nyingi vita vya ndani, vyenye vikundi vingi. Hata hivyo, msingi wake unabaki katika sheria ya kibinadamu ya leo. Raia na mali ya raia havipaswi kushambuliwa. Kupora ni kosa. Kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, kwa kusudi la kuwaua njaa, ni kosa. Sheria hizi zinamfunga askari wa serikali, na zinamfunga pia mtu wa kikundi chenye silaha.

Tuseme ukweli: karatasi ya sheria haimzuii mtu mwenye bunduki usiku. Lakini inatupa maneno ya kumwambia mkubwa wake mchana. Na inatupa sisi wenyewe mpaka wa kujua wapi ulinzi wetu unaanza na wapi tunaupoteza.

MAMBO TUNAYOWEZA KUFANYA

Katika ziara zetu za kambi na vijiji vya pwani tumesikia mawazo mengi mazuri kutoka kwenu. Tumeyakusanya hapa, tumeyapanga, na tumeongeza machache.

Kwanza, uhai kabla ya chombo. Hakuna baleniere yenye bei sawa na mtu. Mwenye silaha akikushika peke yako usiku, usishindane naye. Hatumwambii mtu yeyote afe kwa ajili ya mbao na moteri.

Pili, chombo kilichochukuliwa kwa nguvu kisemwe mapema. Kesho yake asubuhi, mwenye chombo aende kwa shefu wa mtaa au kwa kamati pamoja na mashahidi wawili. Waandike siku, saa, mahali na namna chombo kilivyochukuliwa. Ukimya ndio unaomfanya mtu aliyeporwa aonekane kama aliyekubali.

Tatu, tutofautishe kuporwa na kukodisha. Tunajua njaa iliyoko kambini. Tunajua kwamba kijana anaweza kupata kwa safari moja ya usiku pesa ambazo samaki wa mwezi hawampi. Hatuji hapa kumtukana. Lakini tumwonyeshe hesabu yote. Pesa ile inakwenda mfukoni mwake peke yake, na hatari inakwenda kwa vyombo vyote vya mwaro ule. Wale waliovunja mitumbwi ya Mokolobu hawakubagua. Kwa hiyo kijana yule asiachwe na onyo peke yake. Chama cha wavuvi, kanisa, msikiti na viongozi wa kambi watafute namna ya kumpatia kazi, au mkopo wa nyavu, kabla hajatafutwa na wengine.

Nne, abiria na silaha wasichanganywe. Siku ya kukimbia watu hupanda chombo chochote, na mara nyingine mwenye silaha hujipenyeza kati ya mama na watoto. Manahodha wakubaliane pamoja kwamba chombo cha familia hakibebi bunduki, wala risasi, wala mtu mwenye sare. Nahodha mmoja akikataa ataonekana mkaidi. Wote wakikataa kwa sauti moja, na mkuu wa eneo akiwa ameambiwa mapema, kunakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa.

Tano, kila chombo kiwe na jina na alama inayoonekana, na kiandikwe katika daftari la mwaro: mwenye chombo, nahodha, kazi yake. Daftari likae kwa mtu anayeaminiwa na jamii zote. Lisiwe la kabila moja. Lisitolewe kwa kikundi chochote chenye silaha, maana orodha ya vyombo vizuri ni zawadi kwa anayetaka kupora.

Sita, tusihukumu kabila kwa chombo. Maneno kama "baleniere ile ilikuwa ya watu fulani" yamewahi kuwasha moto kati ya majirani. Tumeona kwamba Kingani ilikuwa na bendera mbili katika mwaka mmoja. Chombo kilichoonekana mahali pabaya hakitoshi kuwa ushahidi juu ya jamii nzima. Tuulize kwanza nani alikishika siku ile, na kwa nguvu gani.

CHOMBO KINAWEZA KURUDI

Tumalize na Graf von Götzen, maana habari yake haikuishia chini ya maji. Mafundi walioizamisha waliipaka mashine grisi nyingi kabla ya kuizamisha, ili ziwe salama. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba. Mzinga ulikuwa umekwisha kuondolewa. Ikarudi kwenye kazi iliyojengewa, kubeba wasafiri, samaki, mchele na nguo kati ya bandari za ziwa.

Na kuna zaidi. Mwaka 1997, Wacongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania walirudishwa nyumbani kwa meli hiyo, chini ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kutoka Kigoma mpaka Uvira. Huenda baadhi yenu mlioko hapa mlipanda. Mwaka 2015, Warundi walipokimbia na kujazana kwenye pwani nyembamba ya Kagunga, ni Liemba iliyokwenda kuwachukua, mamia kwa kila safari, mpaka Kigoma. Meli iliyofungwa mzinga wa Königsberg ikawa meli ya kuwaokoa wakimbizi.

Hatusemi kwamba mambo yalijiweka sawa yenyewe. Watu waliamua kuiinua. Watu walilipa, walifanya kazi, waliondoa kutu. Vivyo hivyo na vijana wetu waliopita katika vikundi vya silaha. Kama meli iliyolala miaka kadhaa chini ya ziwa iliweza kurudishiwa kazi yake, basi na mtoto wa mama aliyeko hapa anaweza kurudishiwa yake. Lakini anahitaji wa kumvuta, na anahitaji kazi ya kurudia.

Wandugu, ziwa hili limeona vyombo vingi vikichukuliwa bila wenyewe kuulizwa. Sisi tunaomba kizazi chetu kiwe cha wanaoulizana mapema, kabla ya usiku ule kufika. Mkubaliane leo, mwaro kwa mwaro, kambi kwa kambi. Timu yetu itazunguka tena kusikiliza mlichoamua, na tutasimama pamoja nanyi mbele ya wakuu ili nao wakiheshimu.

 Mungu awalinde ninyi na vyombo vyenu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KAMATI

1. Katika mwaro wetu, ni nani anayejua vyombo vyote na wenye vyombo? Je, jamii zote zinamwamini?

2. Chombo kikichukuliwa kwa nguvu usiku huu, mwenye chombo atakwenda kwa nani kesho asubuhi?

3. Ni kazi gani tunayoweza kumpa kijana anayeshawishiwa kubeba silaha kwa pesa?

4. Je, kuna familia au kabila ambalo tumelilaumu kwa sababu ya chombo kilichoonekana tu? Tutazungumza nalo namna gani?

5. Manahodha wetu wanaweza kukubaliana juu ya sharti gani moja, ambalo wote watalishika hata siku ya mbio?